Sura ya Nne: Nyundo Kwanza

Fundi hakufungua boneti. Alivua koti, akalitundika kwenye tawi la mparachichi, akachukua nyundo ndogo na kujilaza chali chini ya Land Rover ya marehemu mjomba. Tukaanza kusikia: ngo, ngo, ngo, kutoka mbele kwenda nyuma, taratibu, kama mgeni anayebisha hodi nyumba asiyoijua. Karibu na gurudumu la nyuma la kushoto sauti ikabadilika. Pu. Akarudia palepale. Pu. Alipotoka alikuwa na unga wa kutu hadi kwenye nyusi.

"Injini tutaizungumzia baadaye," alisema. "Mwanangu, hapa huna gari. Una bodi iliyokalia maganda."

Naanza na hadithi hii kwa sababu ndiyo hesabu ya kwanza ya kweli niliyopewa kuhusu kufufua gari la zamani, na haikuwa na tarakimu hata moja. Mimi nilikuwa nimekuja na karatasi: ringi za pistoni, gaskiti ya silinda hedi, betri, matairi manne, rangi. Nilijumlisha nikapata kiasi kisichofika nusu ya bei ya Land Rover ya umri huohuo iliyokuwa ikiuzwa Arusha ikiwa inatembea. Karatasi ile ninayo mpaka leo. Kila kilichoandikwa humo kilinunuliwa, na kwa bei iliyokaribiana na niliyoiandika. Kilichoniumiza ni vile ambavyo sikuviandika.

Chome, kijiji cha mjomba, iko juu, chini ya kilele cha Shengena, na msitu wake wa hifadhi huvuta ukungu hata siku ambazo watu wa Makanya kule bondeni wanatafuta kivuli. Anayeijua njia ya kutoka Same kupanda milima ya Upare Kusini hahitaji kuelezwa kwa nini gari la mjomba lilikuwa Land Rover. Udongo mwekundu ukishiba mvua ya masika, gari la chini linarudi kinyumenyume. Kwa miaka mingi Land Rover ndiyo iliyokuwa basi la huku, lori la huku, gari la mgonjwa na gari la msiba. Ya mjomba ilikuwa Series III, ile ndefu iitwayo 109, kwa sababu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109. Ilishusha kahawa na maharage, ikapandisha saruji na mabati. Mjomba alipougua ikaegeshwa chini ya mparachichi, na pale ikapigwa na masika kumi.

Gari hili huwadanganya wanunuzi kwa namna yake. Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa kinatolewa kwa mgao, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Bodi ya namna hiyo haishiki kutu. Unaweza kuikuta imekaa shambani miaka 20, ukaifuta kwa kitambaa na kuamini unaona gari zima. Lakini chasisi ni ya chuma: mabamba yaliyochomelewa yakafanya boksi refu lenye uwazi katikati. Tope huingia humo na kukaa, nacho chuma huliwa kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Nyundo hufika.

Sasa niseme kuhusu ndoto ya pili, maana ndani ya ukoo wetu zilikuwepo ndoto mbili. Binamu yangu aliye Dar es Salaam alitaka tuiuze Land Rover kama chuma chakavu na fedha ziende kwenye gari lililokuwa kwenye picha sebuleni kwa mjomba: Datsun 240Z, gari la michezo la milango miwili lenye pua ndefu. Watu wa rika la mjomba waliijua kutokana na mashindano ya Safari, enzi ambazo yalivuka mipaka ya nchi za Afrika Mashariki. Edgar Herrmann alishinda nayo mwaka 1971. Mwaka 1973 akashinda nayo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, baada ya kulingana pointi na Datsun nyingine. Mjomba alizoea kusema kwamba gari lile lilitufundisha kuwa Mjapani naye anajua barabara ya tope. Binamu alipanga kununua ganda nje ya nchi, injini kwingine, giaboksi kwingine, kisha aunganishe kidogokidogo.

Nilimwomba tufanye hesabu kabla ya kutuma hata senti.

240Z mpya iliuzwa Marekani mwaka 1970 kwa dola 3,526. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni yenyewe ya Nissan, iliyotengeneza Datsun, ilijaribu kule Marekani jambo lilelile alilolitaka binamu: ikanunua 240Z kuukuu, zikafumuliwa hadi kwenye bati tupu, zikajengwa upya na kuuzwa kwa dola 24,950 kila moja. Zilikusudiwa zifike 200. Zikatoka chini ya 50, mradi ukafungwa. Fikiria hilo kidogo. Hawa ndio waliolibuni gari, wenye michoro yake na wenye mkono mrefu kuliko fundi yeyote wa kupata vipuri, nao walishindwa kulifanya lilipe. Mtu mwenye gereji ya kukodi Ilala ataanzia wapi?

Kisha kodi. Tuseme ganda na vifaa vyake vinaingia kama gari, vikifika bandari ya Dar es Salaam na thamani ya shilingi milioni 10 pamoja na usafirishaji na bima. Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 2.5. Juu ya milioni 12.5 hizo huja ushuru wa bidhaa: asilimia 10 kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000, na asilimia 30 kwa gari lenye zaidi ya miaka 10. Hiyo ni milioni 5. Kisha VAT ya asilimia 18 juu ya milioni 17.5, ambayo ni milioni 3.15. Ganda la milioni 10 limekuwa la milioni 20.65, na bado hujalipa tozo ndogondogo wala kugusa spana.

Binamu alijibu kwa hoja nzuri: basi tulete vipande. Waingereza walifanya hivyo. Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alipoanza kuuza Lotus Seven mwaka 1957, wengi waliinunua ikiwa vipande ndani ya masanduku wakaiunganisha wenyewe nyumbani, kwa kuwa kodi ya mauzo ya wakati ule ilitozwa kwenye gari zima na si kwenye vipuri. Gari la michezo likawa ndani ya uwezo wa kijana wa kawaida mwenye sanduku la spana. Lakini nafuu ile ilizaliwa na pengo la sheria. VAT ilipoanza Uingereza mwezi Aprili 1973 pengo likazibwa, na mwaka huohuo Chapman akaiachia kampuni ya Caterham haki za kuitengeneza Seven. Kwetu pengo hilo halipo. Kipuri nacho kinalipiwa ushuru na VAT, na vipuri vya gari zima vikijumlishwa kimoja kimoja, bei yake hulipita gari lenyewe kwa mbali. 

Binamu aliiacha 240Z. Mimi nikabaki na Land Rover, nikiamini kwamba hesabu ile ilimhusu yeye peke yake.

Tulianza na chasisi. Fundi wa kuchomelea alikata sehemu mbili zilizooza, akaweka bamba jipya la unene uleule, akakata tena alipogundua kuwa kuoza kumesogea mbele zaidi ya pale nyundo ilipoishia. Hapo nilijifunza jambo ambalo Waingereza walilifanya kuwa kanuni. Kwa miaka mingi mamlaka yao ya usajili ilitumia pointi kuamua kama gari lililojengwa upya bado ni lilelile: lilihitaji pointi 8, na chasisi peke yake ilibeba 5. Injini ilibeba 1. Wazee wa Chome hawana jedwali hilo, ila husema vivyo hivyo wakiuliza habari za gari: "Chasisi yake nzima?" Wakijibiwa ndiyo, mengine wanayaita matengenezo.

Chasisi ilipokamilika zikaja shafti za nyuma. Hapa lazima nikawie, kwa kuwa hapa ndipo fedha za wengi hupotelea. Series za zamani zina shafti ya meno 10 inayoingia kwenye difu. Difu nzito zaidi, aina ya Salisbury, ambayo ilikuja kuwekwa kwenye 109, ina shafti ya meno 24. Ukiziona zimelala mezani zikiwa na grisi, kwa jicho la haraka shafti ni shafti. Duka moja mjini liliniuzia jozi na kunihakikishia kuwa ni ya 109. Nilizipandisha mlimani kwa nauli yangu na nauli ya mzigo. Fundi alizitazama, akahesabu meno kwa ncha ya bisibisi, akazifunga tena kwenye gunia. Kurudi mjini siku moja, kubishana nusu siku, kulala mjini, kupanda tena. Ukiniuliza shafti zile zilinigharimu kiasi gani, risiti itakupa jibu moja na daftari langu jingine.

Daftari hilo lilianzishwa na shangazi, mjane wa mjomba. Mwezi wa pili wa kazi alinikabidhi daftari la shule la kurasa 96 akaniambia, "Mwanangu, andika na siku. Fedha naiona ikitoka. Siku ndizo zinazonipita." Tukaandika siku. Siku ya kungoja basi la Dar lishushe boksi Makanya. Siku ya kungoja gari la kupanda. Siku tatu fundi injini alizoitwa kwenye lori lililokwama, na hatukuwa na haki ya kumlaumu, kwani lile lori lilikuwa na mzigo na letu lilikuwa na kuku ndani. Kwa jumla nilikwenda Same mara 19, Moshi mara 6, Arusha mara 4 na Dar mara 2. Nilipojumlisha nauli, mizigo, chakula cha njiani na malazi, nikakuta safari zimekula karibu robo ya fedha zote. Mtu aliye Ilala hutembea kwa miguu hadi Gerezani akachague kipuri. Aliye Chome hulipa mlima kila mara, na mlima haumo kwenye orodha ya bei ya duka lolote.

Kuna fungu jingine ambalo hakuna anayelikumbuka akiwa anaota: vitu vidogo. Sili za oili. Boliti, ambazo kwenye Land Rover ni chuma kilichokaa ndani ya aluminiamu, na viwili hivyo vikikutana na unyevu hulana hadi kukabaki unga mweupe. Basi boliti haifunguki, inakatwa, na tundu linachongwa upya. Mipira ya rejeta, vibano, waya, taa, mafuta ya breki, oili ya injini, ya giaboksi, ya difu mbili. Hakuna kimoja kati ya hivyo kinachomtisha mnunuzi. Kwa pamoja vilizidi gharama ya kuchonga silinda na kuweka pistoni mpya. Watu huulizana bei ya injini. Nawasihi waulizane bei ya boliti.

Tulishawishika njiani kubadili injini. Kuna Land Rover nyingi nchini zinazotembea kwa injini ya dizeli ya Kijapani, nazo zinafanya kazi vizuri. Nilikaribia kukubali. Fundi alikaa chini akaniorodheshea kitakachofuata: bamba la kuunganisha injini na giaboksi, ambalo linakerezwa na mtu mwenye mashine ya uhakika, mauntini mpya, propela ya kukata au kurefusha, ekzosi mpya, rejeta nyingine, kisha kadi ya gari, kwa kuwa kadi hubeba namba ya chasisi na ya injini pia, na mabadiliko hayo yanataka ukaguzi wa polisi na kurekebishwa Mamlaka ya Mapato (TRA). Kila kifaa kigeni kinakuja na ndugu zake. Tukabaki na injini ya petroli ya lita 2.25, ambayo kila fundi mzee wa mlima huu ameshaifungua.

Upo upande ambao Chome ilitupunguzia mzigo, nao nauandika kwa furaha. Springi za nyuma zilikuwa zimekatika majani mawili. Fundi chuma wa huku alichukua jani la springi ya lori, akalipasha moto, akalikata, akalikunja kwa kulilinganisha na la zamani, akalizamisha kwenye oili. Likakaa. Nikamkumbuka mwalimu wetu wa historia alivyotueleza kuhusu Washana wa Ugweno, kule Upare Kaskazini, ukoo wa wafua chuma ambao bidhaa zao zilifika hadi Uchagani kabla ya duka lolote kufunguliwa milima hii. Ujuzi ule haujafa, umehamia kwenye springi. Ni aibu yetu sote kwamba mtu wa namna hiyo analipwa kama kibarua.

Na siku ya kuirudisha bodi juu ya chasisi hatukuwa na winchi. Walikuja vijana wa jirani, kama watu wanavyokuja kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuchimba ndiva (mabwawa ya umwagiliaji) au kufungua barabara iliyozibwa na maporomoko, wakainyanyua kwa mikono na magogo ya mikaratusi. Shangazi alipika makande sufuria mbili kubwa. Nikaandika kwenye daftari: mahindi, maharage, nazi, chumvi. Jioni shangazi akaniuliza kama nimeandika na nguvu za wale vijana. Sikuwa nimeandika. Tukakubaliana tuziandike kama deni, na gari lilipotembea tulilipa: msiba wa kwanza, wagonjwa wawili, na mbao za paa la mmoja wa vijana wale, vyote bila nauli.

Mahali pamoja hatukubana matumizi, na nisingependa msomaji abane. Kupanda mlima kunadai injini. Kushuka kunadai breki. Land Rover ile hutumia breki za ngoma, na ngoma ikipata moto kwenye mteremko mrefu ukiwa na shehena, mguu unazama na gari halisikii. Dereva mzuri hushuka kwa gia ndogo, akiiacha injini ishike. Lakini gia haisamehe silinda za breki zinazovuja. Fundi alitaka kila silinda iwe mpya, kila bomba la breki liwe jipya, na akakataa kabisa vilivyotumika. Fungu hilo lilichelewesha gari miezi minne, maana fedha zilikuwa zimekwisha. Ndipo shangazi alipouza ng'ombe.

Nirudi kwenye ng'ombe huyo, kwa kuwa vitabu vingi vya magari humruka. Alikuwa wa maziwa. Maziwa yake yalikuwa yakinunua sukari, mafuta ya taa, daftari za wajukuu. Tangu alipouzwa hadi Land Rover ilipobeba abiria wa kwanza ilipita miezi saba. Maziwa ya miezi saba ni sehemu ya bei ya lile gari kama zilivyo pistoni. Vivyo hivyo fedha zangu zilizolala ndani ya chuma kwa karibu miaka miwili, ambazo zingeweza kuwa shamba la tangawizi au pikipiki inayoingiza chochote kila siku. Mtu akikuambia amejenga gari kwa bei fulani, muulize lilichukua muda gani, na katika muda huo nyumba ilikuwa inakula nini.

Land Rover ilishuka Same kwa mara ya kwanza siku ya Jumanne, ikiwa na rangi ya kijani ileile ya zamani, shangazi akiwa kiti cha mbele. Hakusema neno hadi tulipofika tambarare. Kisha akasema, "Mjomba wako alikuwa anashuka polepole hivihivi." Kwake yeye ilitosha, na sina kipimo cha kuweka thamani yake kwenye daftari.

Lakini sura hii inahusu gharama, na msomaji ana haki ya kujua jumla. Nilipofunga daftari, bila kujilipa mimi mwenyewe hata siku moja, gari la mjomba lilikuwa limetugharimu zaidi ya bei ya ile Land Rover iliyokuwa ikiuzwa Arusha siku tulipoanza, na zaidi ya mara mbili ya karatasi yangu ya kwanza. Kwa hesabu ya fedha pekee, ningepaswa kupanda basi kwenda Arusha.

Kama unayo chasisi nyumbani na umeamua hata hivyo, usinunue ringi wala rangi kwanza. Tafuta nyundo ndogo, lala chini ya gari, uigonge chasisi yote kutoka mbele hadi nyuma. Kisha nunua daftari, umkabidhi mtu wa nyumbani ambaye halipendi gari hilo, yeye ndiye awe anaandika.